Konokono Walioishiwa Nyumba

Saa mbili na robo asubuhi ya Jumatatu, mpima maji wa ofisi ya misitu alikuwa akisuuza chupa zake alipobishiwa hodi chini kabisa ya mlango. Alifungua. Kizingitini walikuwapo konokono wapatao arobaini, hakuna hata mmoja mwenye nyumba mgongoni, wamejikunyata kwa haya.

"Utuwie radhi, dada, kwa kuja hivi tulivyo," alisema mkubwa wao.

"Karibuni. Futeni miguu," alisema mpima maji, kisha akakumbuka kwamba kila mmoja ana mguu mmoja tu.

Shida yao ilielezeka upesi. Tangu kiwanda cha nyuma ya kilima kiwashe tanuru la pili, mvua inanyesha chachu kama siki. Inaosha chokaa yote ya udongo wa msituni na kuiteremsha kijitoni, na nyumba ya konokono haijengwi kwa kitu kingine. Zao zilibonyea kama mkate uliolowa, kisha zikadondoka.

Mpima maji aliyajua hayo. Miaka mitatu mfululizo aliandika kwenye ripoti kwamba kijito kimechacha, na miaka mitatu mkuu wa ofisi alisahihisha: kijito kimechangamka.

Mama mkwe wa mpima maji, aliyekuwa amemletea chai, aliwatazama wageni.

"Mwanangu, watu wazima hawaachwi uchi mlangoni," alisema, akaenda kukusanya maganda ya mayai kwa majirani. Aliyatwanga, akawalisha. Kufikia adhuhuri kila konokono alikuwa na nyumba mpya, nyeupe pe. Ya mmoja ilitoka na muhuri wa dukani: itumike kabla ya tarehe kumi na nne. Akaomba kujua ni ya mwezi gani.

Mkuu wa ofisi alipofika aliwasikiliza kwa upole mkubwa.

"Msiwe na wasiwasi. Kiwanda kitarefusha bomba la moshi."

"Na moshi uende wapi, mzee?" aliuliza mkubwa wao.

"Mbele huko."

"Huko mbele hakuna watu?"

"Wapo. Lakini si wa ofisi hii."

Bomba likarefushwa mita thelathini. Uchachu wa mvua ukapungua kwa kiasi ambacho mpima maji alihitaji miwani kukiona.

Baada ya miezi miwili konokono walirudi, uchi tena. Nyuma yao walijipanga konokono wa msitu wa wilaya jirani, waliosikia kwamba hapa mtu husaidiwa. Foleni ilifika getini. Mpima maji akapita nyumba kwa nyumba kuwahimiza majirani wazidi kula mayai. Mama mkwe, mchi mkononi, asiyejua kwamba kila konokono ni dume na jike pia, akatangaza wajawazito watangulie.

Foleni nzima ikasonga mbele.