Mizizi Juu

Ketamma alikinyakua kiberiti mkononi mwa kaka yake, akakifunga kwenye pindo la sari yake, akamwambia akikitaka aje akichukue mwenyewe. Bommayya hakumfuata. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu tangu msimu wa asali, na kumkimbiza dada mtu kwenye mteremko kungekuwa kujitafutia kuvunjika.

"Nataka kuliona jiwe letu kabla macho hayajafumba kabisa," alisema. "Wewe na jembe lako mtanifikisha lini?"

"Tutafika."

"Baba angewasha asubuhi, jioni tunapita."

"Moto wa baba ulikuwa wa majani, kaka. Huu utapanda. Vichaka vya lantana vimeuparamia mti wa mama mpaka kileleni. Ukiwasha, mti ndio unaokwenda, na lantana itachipua tena ikuchekee."

"Mwache awashe, wifi," alidakia Nanjamma, mke wa Bommayya, akipepeta ulezi mlangoni. "Wakubwa wa msitu wakimfunga, nami nipate usingizi. Kila nikilala ananihadithia nelli, utadhani mimi tunda sijawahi kula."

Jiwe lenyewe, jiwe la ukoo wao, lilikuwa ng'ambo ya kijito, pale walipoishi kabla ya kuhamishiwa huku kando ya barabara. Ubavuni mwake ulisimama mti wa nelli. Mama yao alikuwa akiwachumia matunda yake machachu, wakishakunja nyuso anawanywesha maji, na maji yanakuwa matamu mdomoni, nao wanashangaa kila mara kama ndiyo kwanza wanaonja. Sasa pote pale pamemezwa na lantana. Kuitambua wala hakuhitaji macho: finya jani, harufu yake itakupanda puani, papasa shina, lina pembe nne na vimiiba vya kukwaruza. Maua yake, njano na waridi katika shada moja, ni mazuri sana, na hilo ndilo lililomuudhi Ketamma kuliko yote.

Utotoni mwao vilikuwapo vichaka vya kuhesabika. Kila mwaka, baridi ilipokatika, baba yao alichoma majani makavu, moto ukatambaa chini kwa chini, mfupi hata watoto waliuruka wakicheka. Bommayya, kwa kuwa ni wa kiume, ndiye aliyepewa kijinga cha moto akawashe. Ketamma alipewa tawi bichi, apige kingo za moto usivuke. Kila mwaka tawi. Alikililia kile kijinga mpaka mama akamtishia kofi. Kisha mvua ilikuja, nyasi changa zikaota, na harufu ya nyasi zile Ketamma aliikumbuka mpaka uzeeni kama mtu anavyomkumbuka mzazi wake. Halafu wakubwa wa msitu walikataza moto, watu wakahamishwa, na lantana ikajifanya ndiyo mwenyeji. Siku hizi waliruhusiwa kuikata, lakini kuchoma hapana.

Mwanzoni hata Ketamma aliiharibu kazi. Aliikata kwa mundu usawa wa goti, akarudi nyumbani akijisifu, na mvua ya kwanza ikaotesha kila kisiki machipukizi mengi kuliko njiti za ufagio. Akajifunza kuchimba mpaka shingoni mwa kichaka, pale shina linapokutana na mzizi, na kukata chini ya fundo lililo hapo. Kisha alikiinua kichaka kizima na kukipindua, mizizi juu, kikaukie hapo, kwa maana tawi likigusa udongo mbichi linaweza kushika tena. Halafu akaona miche mingi imejificha chini ya miti mikubwa, ndege wanakotua baada ya kula vitunda vyeusi vya lantana. Basi huko alipita akiing'oa kwa mkono ardhi ikiwa bado laini.

Nanjamma alikuja kumsaidia, akasimama kuutazama mteremko uliojaa mizizi iliyoelekea mbinguni. "Wifi," alisema, "msitu umeulaza kichwa chini. Ukimaliza njoo umgeuze na kaka yako."

Ketamma alicheka siku hiyo. Hakucheka jioni ile Bommayya aliponyoosha mkono kwenye bakuli la ugali wa ulezi na vidole vikatua sakafuni. Nanjamma alilisogeza bakuli mpaka vidoleni mwake. Ketamma alitoka nje, akajiona mwizi. Kwa moto kaka yake angekuwa ameshaliona jiwe. Yeye ndiye aliyemnyima, kwa ajili ya mti ambao labda ulikuwa umeshakufa. Kulipokucha alikwenda kuchimba kabla hata ya kunywa kahawa.

Mvua zilikuwa zinaishia alipofungua njia mpaka kwenye jiwe, akamshika kaka yake mkono wakavuka kijito. Bommayya aliona mwanga tu. Alisimama ghafla.

"Usiniambie," alisema. Akainama, akashika. "Nyasi."

"Nyasi, kaka."

"Haya, nieleze."

Akamweleza. Jiwe limeegemea upande wa kijito. Mti umekauka matawi ya upande mmoja, lakini mengine yana matunda.

"Jiwe liliegemea tangu zamani. Ulikuwa ukilikimbilia mama akitaka kukuchapa."

"Wa kuchapwa ulikuwa wewe."

Alimchumia tunda, akamwekea mdomoni, na uso wake ulipokunjamana akampa maji. Bommayya aliyameza polepole, machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta. Ketamma naye alilia. Kisha akafungua pindo, akakiweka kiberiti kiganjani mwa kaka yake.

"Chako hiki. Nisamehe, nimekuchelewesha."

Bommayya alikitikisa, akasikiliza njiti. Aling'oa unyasi mmoja, akaukunja karibu na sikio, haukuvunjika.

"Nyasi bado mbichi," alisema. Akautafuta mkono wa dada yake, akakirudisha kiberiti humo na kuvifumba vidole vyake juu yake. "Kaa nacho. Zikikauka utaona wewe, utawasha. Mimi unikatie tawi."