Miguu ya Mama Kabira

Turki alipokosa alama za kusomea udaktari wa moyo, baba yake alipiga simu kila palipokuwa na chuo, mpaka kimoja cha Uingereza kikamjibu kwamba nafasi ipo, ila ni ya utabibu wa miguu. Mzee akanywa kahawa, akafikiri, akalipa. Tangu siku hiyo, katika jumba lao la Al-Malqa, Riyadh, kila mgeni alielezwa kuwa kijana anasomea "udaktari wa mi—", kisha mzee akashikwa na kikohozi.

Aliyewaandalia wageni hao kahawa alikuwa Priscah Nekesa wa Webuye, aliyefika mwaka 2013 kwa mkataba wa miaka miwili wa kazi za nyumbani. Yeye ndiye aliyemtunza Mama Kabira, mamake bosi na bibi yake Turki, ajuza mwenye sukari na ulimi mkali.

Likizo ya 2014 Turki alirudi na kitabu kinene na kazi ya chuo: achunguze miguu ishirini na kuandika alichokiona. Tatizo lilikuwa moja tu. Turki hakuweza kushika mguu wa mtu. Akiona kidole gumba kilichopinda, anageukia ukutani.

"Priscah," akaomba, "wewe shika, mimi nitaandika."

Basi akawa anakaa mlangoni na kalamu, akisoma maelekezo kwa sauti, na Priscah akishika miguu ya Mama Kabira, ya dereva, ya mpishi. Alijifunza kupapasa mshipa juu ya wayo, kutofautisha sugu na kidonda, kubonyeza nyayo kwa uzi wa nailoni ili kujua palipokufa ganzi. Mchana nyumba ikilala, yeye alikisoma kile kitabu. Wiki ya pili alikuwa akimsahihisha mwanafunzi.

Idi ilipokaribia, familia ikaenda Jeddah kwa shangazi yake Turki, mtaa wa Al-Nuzha. Priscah akatupwa jikoni kukaanga sambusa siku nne mfululizo, na Mama Kabira akaachiwa wengine. Shangazi naye, kwa kuwa alisikia nyumbani kuna daktari, aliwaalika majirani. Siku ya Idi, Turki aliingia sebuleni akawakuta wanawake kumi na mmoja wamejipanga kwenye makochi, miguu mitupu, kila mmoja na malalamiko yake. Akavaa glavu mbili mbili, akamwita Priscah awe msaidizi.

Kazi ikaenda vizuri. Msaidizi alishika na kunong'ona, daktari akatazama dari na kutangaza. Mwishowe Mama Kabira akadai zamu yake.

"Fumba macho, Mama," Priscah akamwambia. "Ukisikia nakugusa, sema."

"Yalla, anza basi!"

"Nimeshaanza."

Priscah akamtanua vidole vya mguu, akaona kidonda kando ya kidole cha mwisho, kikubwa kama punje ya haragwe, kingo zake nyeusi, na harufu yake ikampasha habari yote.

"Ni viatu vipya vya Idi vilivyomchubua," alisema.

"Haiwezekani," akaruka madam, mkewe bosi, aliyevinunua. "Viatu vile ni vya Italia!"

"Daktari anasemaje?" bosi aliuliza kutoka mlangoni.

Wote wakamgeukia Turki. Turki alikuwa ameketi sakafuni, uso umemparama.

"Hospitali," Priscah akasema. "Leo hii."

"Nani kakuuliza wewe?" madam akafoka.

"Mimi ndiye niliyemuuliza," Mama Kabira akajibu. "Halas, imetosha. Leteni gari."

Hospitalini daktari wa zamu alisema wangechelewa siku tatu, kidole kingekatwa, na pengine si kidole peke yake. Akauliza nani aliyegundua. Bosi akaweka mkono begani mwa Turki. "Mwanangu," alisema. "Daktari wa miguu." Kikohozi kilikuwa kimepona.

Priscah alikuwa ameshika kiti cha magurudumu. Aliwatazama wote wawili, kisha akakisukuma kuelekea wodini.

Kesho yake Turki akamfuata jikoni. "Tafadhali usimwambie baba."

"Baba yako anajua. Alikuwepo."

Kijana akainama. "Unataka nini?"

"Kile kitabu. Na barua inayosema kazi niliyoifanya. Halafu kidonda cha bibi yako utakisafisha wewe mwenyewe kila siku mpaka urudi chuoni."

Siku ya kwanza Turki alitapika kwenye sinki. Siku ya tatu alimaliza kazi, ingawa macho kayafumba nusu. Ya sita, Mama Kabira alimwambia mikono yake ni ya baridi lakini si mibaya, naye akacheka, mara ya kwanza tangu arudi.

Mkataba ulipokwisha, Priscah alimpigia simu baba yake, Mzee Elijah, aliyekuwa amewatangazia watu kanisani kwamba bintiye ni meneja.

"Baba, narudi kusoma. Nitaanza na uuguzi, halafu niende mpaka utabibu wa miguu."

"Miguu tu, mama?" Mzee Elijah akasema. "Huwezi kuongeza hata magoti?"

Kwenye usaili wa chuo cha uuguzi, watu watatu waliipokezana barua ya Turki wakiguna. Mwenyekiti akamuuliza kwa nini achague sehemu ya mwili isiyotamaniwa na yeyote. Priscah akawaeleza jinsi mguu unavyoweza kuoza na mwenyewe yuko mezani anakula. Walimpa nafasi. Wenzake wawili walipotoka, mwenyekiti akamwomba Priscah abaki kidogo, akafunga mlango, akaanza kufungua kamba za kiatu chake.