Tuta la Seremala

Mchicha wa kwanza ulichipua siku ya nne, na kufikia siku ya kumi na mbili ulikuwa umekufa wote. Haukunyauka kama mmea uliokosa maji. Majani yaliungua kuanzia kwenye ncha, na Mama Chiriku alipovuta mche mmoja, ukamfuata mkononi bila kushikilia chochote. Mzizi ulikuwa mweusi, mfupi kama kijiti cha kiberiti kilichokwisha kuwaka.

Alikuwa fundi cherehani. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kushika jembe, mpaka alipopanga nyumba ile yenye ua mpana nyuma, yeye na binti yake wa miaka mitatu. Mtoto mtaa mzima ulimwita Chiriku, kwa sababu akifungua mdomo asubuhi haufungi mpaka usingizi umchukue.

"Mkono wangu mbaya," alimwambia dada yake kwenye simu.

"Mkono wako mgeni tu," dada yake akacheka. Alikuwa muuguzi, na nyumbani kwake alikuwa na nyanya mpaka za kugawa. "Panda tena."

Akapanda sukumawiki. Nayo ikafa. Alikuwa amelishika jembe kwa mara ya tatu aliposikia mtu akipiga kelele ng'ambo ya ua.

"We mama! Acha kuchimba hapo!"

Alikuwa Mzee Randa, seremala wa nyumba ya pili, na kaka wa mwenye nyumba wake. Alikuja mbio, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Alipomfikia akatabasamu, lakini tabasamu lilichelewa kidogo.

"Shikamoo, mzee. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Hakuna kitu. Nakuonea huruma tu, unajichosha bure. Nitakutengenezea tuta la kuinuliwa. Sanduku la mbao, juu ya ardhi."

Akamweleza faida zake akihesabu kwa vidole. Udongo unauchagua mwenyewe, hubahatishi. Mvua ikinyesha maji hayatuami. Magugu ni machache, unayang'oa huku unapiga soga. "Na wewe unayekunja mgongo kutwa kwenye cherehani, utapalilia umekaa kwenye kigoda. Anayeanza asianze na shamba zima. Aanze na sanduku moja, alijue."

Yote yalikuwa kweli. Baadaye hicho ndicho kilichomuumiza zaidi Mama Chiriku: kwamba hakuna hata sababu moja aliyopewa siku ile iliyokuwa ya uongo.

Sanduku lilikuja kesho yake, mbao nne nzito zilizopigwa randa vizuri, zikimfikia magotini. Kabla ya kumwaga udongo, Mzee Randa alitandika karatasi ngumu ya plastiki chini. Akatandika ya pili. Akatandika ya tatu, kisha akatoboa matundu pembeni ili maji yapate pa kutokea.

"Mzee, mizizi si inataka kwenda chini?"

"Isiende chini."

"Kwa nini?"

"Udongo wa chini mgumu," akajibu, akainama kuokota misumari.

Udongo aliuleta mwenyewe kwa toroli kutoka mbali, ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza vizuri. Ndani ya mwezi mmoja sanduku lilikuwa limefurika kijani. Mama Chiriku alikuwa akisimamisha cherehani mara tano kwa siku aende kutazama tu. Alichuma, akawagawia majirani, akampigia dada yake simu kujisifu.

Chiriku alicheza pale pale kando ya sanduku, akichota udongo wa uani kwa kifuniko cha kopo na "kuwapikia wageni". Wageni wakichelewa, alionja mwenyewe. Mzee Randa kila akipita alimnyanyua, akampeleka bombani na kumsugua mikono hadi ikawa myekundu. Siku moja alileta mkeka.

"Mtoto asikae chini, atashikwa na mafua."

"Kwa jua hili, mzee?" Mama Chiriku akacheka. Mzee Randa hakucheka.

Ilianza na tumbo. Chiriku alijikunja kitandani akilia, hataki uji, hataki chochote. Mama yake akampa dawa ya minyoo. Likatulia, likarudi. Kisha maneno yakaanza kupungua. Hakuna aliyeona yalipoanza. Asubuhi moja tu Mama Chiriku alisimamisha cherehani katikati ya mshono, akajiuliza kwa nini nyumba iko kimya hivi. Mtoto alikuwa amekaa mlangoni, macho wazi, akitazama ua.

"Chiriku, unataka maji?"

Mtoto akanyoosha kidole kwenye kikombe. Wiki mbili nyuma angeeleza kikombe kipi, na kwa nini.

Yule dada muuguzi alifika Jumamosi. Akamvuta mtoto kope, akamfunua fizi. Kisha akatoka uani kutazama. Mbele yake sanduku lilikuwa limejaa majani mapana. Hatua mbili kando, ardhi ilikuwa tupu, haina hata nyasi.

"Mbegu ni zile zile?"

"Zile zile."

"Maji je?"

"Ya bomba hilo hilo."

"Na anayepanda ni wewe. Basi si mkono wako, mdogo wangu." Akalichukua jembe. "Huyu mtoto anakula udongo?"

Hakuchimba sana. Kwenye kina cha kiganja jembe liligonga vipande vya plastiki nyeusi, na chini yake unga wa kijivu, mzito, wenye harufu ya kukwaruza koo. Mama Chiriku hakuita mtu. Mzee Randa alisikia mlio wa jembe akaja mwenyewe, safari hii polepole, akasimama ukutani.

"Palikuwa na karakana," akasema. "Ya mdogo wangu, mwenye nyumba wako. Walivunja betri za magari hapa kwa miaka sita. Maji ya betri wakiyamwaga chini, madini ya risasi yaliyomo wakiyayeyusha hapo unapoanika nguo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mboga zangu ukaziokoa. Na mwanangu?"

"Nilikuwa namnawisha mikono," akasema mzee. "Ni mdogo wangu, mama. Nilidhani kunawisha kutatosha."

Mama Chiriku akageuka, akaingia ndani. Alimbeba mtoto mgongoni, wakaenda hospitali na ushungi ukiwa bado na vipande vya uzi.

Damu ilipopimwa, daktari aliomba ipimwe tena, akidhani mashine imekosea. Haikuwa imekosea. Chiriku alilazwa wiki tatu akipewa dawa ya kuitoa sumu, na hakurudi tena nyumba ile. Waliporuhusiwa walikwenda kuishi kwa dada.

"Tumbo litapona," daktari alisema. "Maneno tungoje. Mengine yatarudi. Siwezi kukuahidi yote."

Mzee Randa alikwenda mwenyewe ofisi ya afya na kumtaja mdogo wake kwa jina. Tangu siku hiyo ndugu hao hawasalimiani. Alimtumia Mama Chiriku salamu mara mbili. Ya kwanza hakuipokea. Ya pili aliipokea.

Mama Chiriku alirudi mara moja tu, kuchukua cherehani. Aliwakuta watu wa afya wamevaa barakoa, wakichukua udongo kwenye vifuko na kuchomeka vigingi vyenye kamba nyekundu kila mahali walipoikuta sumu. Kamba ilikuwa imeuzunguka ua wote, imepita nyumba ya seremala, na sasa ilikuwa inateremka kufuata mfereji wa maji ya mvua.

"Mnaishia wapi?" akamuuliza mmoja wao.

"Bado hatujapaona," akasema yule mtu, akachomeka kigingi kingine. Kilikuwa mbele ya geti la shule ya chekechea, na ndani watoto walikuwa wameketi chini, wakicheza.