Magoti ya Mama Ikulu

Nyumba yetu haijawahi kuficha kitu. Kati ya chumba na chumba ni mbao tu, na mbao zenyewe zimeachana; wa chumba cha mwisho akikohoa, wa chumba cha kwanza anampa pole. Mimba tunazijua kabla ya wenye mimba. Fundi viatu alipotaka kumwacha mkewe, mke alipata habari kwenye foleni ya bomba, na alipofika nyumbani alikuta tumeshamwandalia kiti cha kulilia. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nyumba hii, yenye midomo hii, ilimficha binti wa mfalme tangu mapinduzi yaanze mpaka mvua zikakatika, najua utacheka. Cheka tu.

Aliyemleta ni Mama Ikulu. Jina tulimpa sisi kwa kejeli, maana alilea watoto kwenye jumba la mfalme mpaka nywele zikawa nyeupe, na alipostaafu akaja kupanga chumba kwetu na kutuona washenzi. Chai yetu kwake ilikuwa nyepesi, salamu zetu fupi. Mapinduzi yalipofika, jina lile tulilimeza wote kwa siku moja, tukaanza kumwita Shangazi.

Wenye bunduki walilivunja geti la jumba, wakamfungia mfalme, mkewe na wanawe wawili wa kiume kwenye zizi la farasi wake mwenyewe. Binti hakuwemo. Alishatoka kwa mlango wa jikoni amevaa gauni la mfuaji. Mchana ule ule akawa amesimama mbele ya mlango wetu wa uani. Amesimama tu. Mlango wenyewe hauna hata komeo, paka anausukuma kwa kichwa. Mimi nilikuwa kibarazani namsuka mke wa fundi viatu, nikamwambia, dada, pita, hapa hakuna kiingilio. Akanitazama, akautazama mlango, akaendelea kungoja. Mikono yangu ikasimama kichwani mwa mtu. Msichana mzima, hajawahi kufungua mlango maishani mwake. Wa namna hiyo wako wangapi?

Mama Ikulu akatoka mbio, akasema ni mpwa wake, mtoto wa dada yake wa shamba, amekimbia vita. Tukasema karibu mpwa. Hakuna aliyeuliza swali la pili, na katika nyumba ile, kutouliza swali la pili maana yake wote tumeshajua.

Lisemwe wazi, baba yake hatukumpenda. Mume wangu alifukiwa kwenye machimbo ya mfalme, na rambirambi niliyopata ni gunia lake la nguo. Lakini yule msichana alikuja na malengelenge nyayoni, akalala chini ya paa letu, akala kwenye sufuria yetu. Ukishamjua mtu anakoroma vipi, kumpeleka kwa wenye bunduki ni kazi ngumu.

Basi tukamfundisha. Kubeba ndoo, kufua, kuosha masizi ya sufuria, kusukuma mlango. Foleni ya maji ndiyo iliyotutoa jasho, kwa sababu kila akisukumwa aliomba radhi. Fundi viatu akajitolea kumfundisha matusi, akayapanga kwa darasa, akianzia na yale mepesi. Siku mpwa alipomwambia mke wa fundi kwamba mdomo wake unavuja kuliko ndoo yake, nyumba nzima ilikaa chini kwa kicheko, na mke wa fundi ndiye aliyecheka kuliko wote. Mama Ikulu peke yake hakucheka. Alikuwa wima, mikono ameifumbata kifuani, macho chini.

Hilo ndilo lililotukosesha raha. Msichana alijua kila kitu sasa. Aliyeshindwa ni mwalimu. Jumbani hakuna mtumishi anayekaa kitako mmoja wa familia ile akiingia, na Mama Ikulu alikuwa amesimama maisha yake yote. Mpwa akiingia na ndoo, anasimama. Mpwa akitoka msalani, anasimama. Tulijaribu kumwekea ungo wa maharage mapajani. Maharage yakawa yanamwagika kila siku. Mwisho msichana alimpigia magoti mle chumbani, na mbao zetu zikatuletea maneno yote.

"Shangazi, utaniua."

"Si mimi ninayesimama," mama wa watu akasema. "Ni miguu."

Wenye bunduki wakaanza msako wa nyumba kwa nyumba. Kamanda aliyekuja kwetu, zamani alikuwa dereva wa lori, mtu mpole, anayevua kofia mlangoni. Alimwamkia Mama Ikulu shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu, akakaa kwenye kigoda changu uani. Nikampa chai. Akauliza nani anaishi wapi, nani kaja lini, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia.

Mpwa akaingia kutoka bombani, kausukuma mlango kwa nyonga, ndoo kichwani. Askari mmoja alikuwa kamzibia njia. Mpwa akamwuliza kama anangoja kupakwa rangi au anangoja kubebwa. Askari wakaangua kicheko, kamanda naye akacheka mpaka chai ikampalia. Nikaanza kupumua. Nikageuka, nikamwona Mama Ikulu yuko wima, na maharage yametapakaa sakafuni.

"Mama, mbona umesimama?" kamanda akauliza.

Akajibu ni ganzi. Fundi viatu akadakia kwamba huyu bibi husimama hata panya akipita, mwulize mtu yeyote. Tukacheka kupita kiasi. Kamanda akamwomba Mama Ikulu akae, kisha akamwomba mpwa, kwa adabu kabisa, atoke aingie tena.

Alitoka. Akaingia. Mama Ikulu alikuwa ameshika kigoda chake kwa mikono miwili, vidole vya miguu vimejikunja kama vinang'ang'ania sakafu. Hakusimama. Mpwa akatua ndoo, akainama, akaanza kuokota maharage huku akilalamika kwamba kila siku kazi ni yake. Kamanda akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akamaliza chai, akavaa kofia. Askari wakaanza kutoka.

Alipofika mlangoni akageuka, kama mtu aliyesahau kuaga.

"Mmesikia ya asubuhi? Kule zizini tumemaliza kazi. Mzee, mkewe, na vijana wote wawili."

Alikuwa anamwangalia msichana. Na mimi nilimwangalia. Mkono wake haukusimama. Uliokota harage, ukalitupa kwenye ungo, ukaokota jingine.

"Afadhali," akasema. "Labda na sisi tutapata maji."

Kamanda akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nakuapia, alikuwa anaondoka. Lakini nyuma ya msichana kitu kilianguka taratibu, na wote tukageuka. Mama Ikulu alikuwa amepiga magoti, paji la uso limegusa sakafu, mikono imenyooshwa mbele kumwelekea mpwa wake. Mfalme amekufa, wanawe wamekufa, amebaki mmoja, na aliyebaki ndiye wa kupigiwa magoti. Desturi hiyo hakuwahi kutuambia. Hata kamanda hakuijua, ila hakuhitaji kuelezwa.

Msichana alimalizia maharage yaliyokuwa mkononi. Kisha akaenda, akamshika yule bibi mabegani.

"Inuka, Mama. Sakafu ina baridi."

Askari waliokuwa mlangoni hawakujua wamshike au wampishe. Wakampisha. Mlango ulikuwa umerudi kujifunga, na hakuna aliyemfungulia. Aliusukuma mwenyewe kwa nyonga, vile tulivyomfundisha.

Askari mmoja akauliza kuhusu bibi. Kamanda akasema, "Mwacheni. Ameshatusaidia."

Walimpeleka nyuma ya karakana ya malori, si mbali na bomba. Mlio tuliusikia vyumba vyote. Mke wa fundi viatu akachukua ndoo ya mpwa, akamimina maji kwenye pipa, akaifunika kifudifudi.

Mama Ikulu bado yuko nasi. Anakula tukimlisha. Tunamkalisha uani, ungo mapajani, na nyumba yetu unaijua ilivyojaa: anaingia huyu, anatoka yule, mlango haupumziki. Kila ukisukumwa, ananyanyuka nusu, anamtazama anayeingia usoni. Kisha anakaa.