Mviringo Wenye Mstari Chini

Baba alipopooza upande wa kulia, maneno yalimpotea yote, hata ya kuandika. Mtaalamu wa matamshi akaniwekea programu kwenye simu. Baba akichora alama daftarini kwa mkono wa kushoto, niipige picha na kuandika maana yake, na mashine itajifunza taratibu hadi iweze kumsemea. Akanitahadharisha kwamba yenyewe haijui kiu wala usingizi. Inachojua ni kuwa mchoro fulani huenda na neno fulani, na neno hilo inalipata kwangu.

Mimi sina subira, sikatai. Nikikaa dakika tano miguu inaniwasha. Siku ya kwanza Baba alichora mviringo wenye mstari chini yake. Nikaona glasi tupu mezani, nikaandika "maji", nikakimbilia jikoni. Alikunywa. Nani asingekunywa, na vidonge vimemkausha mdomo? Nikabonyeza "sahihi", nikarudi kwenye ratiba yangu: mkono unyooshwe mara ishirini, mguu mara ishirini, asimame ukutani, akae, tena.

Baada ya wiki tatu mashine ilikuwa bingwa. Mviringo ukitokea tu, simu inasema "Naomba maji" kwa sauti ya mtangazaji wa habari, na kwenye kioo inaandika uhakika wake: asilimia tisini na saba. Niliringa kweli. Nilimtumia mtaalamu picha.

Lakini Baba sasa alichora mviringo kutwa nzima. Alichora kabla ya vidonge, alichora katikati ya mazoezi, mimi bado nimemshika mguu. Simu inaomba maji, naleta maji, Baba anatikisa kichwa, na mimi nadhani ni ukaidi wake wa siku zote. Siku moja aliisukuma glasi ikavunjika. Nilimfokea, Mungu anisamehe, kwamba hata mtoto mchanga anajua anachotaka. Akanitazama kidogo, kisha akachora uleule. Simu ikaomba maji. Nilitamani kuitupa dirishani.

Jumamosi akaja Waya, aliyetengeneza redio na Baba miaka thelathini katika karakana moja, jina kapewa kwa wembamba wake. Mimi nilikuwa nazunguka chumbani nakunja shuka na kumsimulia jinsi mashine ilivyo hodari, naye akawa anafunua daftari la Baba. Kurasa za kwanza alicheka. Baadaye akafunua haraka haraka.

"Mwanangu, nani kasema hii ni maji?"

Nikamwambia ni mimi.

"Hii tulikuwa tunaichora kwa chaki nyuma ya redio," akasema. "Ile tuliyoifungua tena na tena ikashindikana. Maana yake asiiguse fundi mwingine. Arudishiwe mwenyewe kama ilivyo."

Nilibaki na shuka mkononi. Daftari lilikuwa na kurasa arobaini zilizojaa. Mashine ilikuwa imejifunza vizuri kabisa nilichoifundisha, na mimi katika wiki zote hizo sikumuuliza mwenye alama.

"Baba, ndivyo?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Niache mazoezi? Na dawa?"

Akaitikia tena, polepole. Nikakasirika. Nilitaka kumwambia kwamba yeye si redio, kwamba daktari hajakata tamaa, kwamba mimi je. Waya alitazama sakafu.

Nilifungua programu, nikafuta "maji". Ikaniuliza maana mpya. Nilienda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Nikiandika, itakuwa imesemwa ndani ya nyumba hii, na kila siku itasemwa. Mwisho nikakaa kitandani kando yake, nikaandika huku herufi zikinipotea machoni.

Baba akachora mviringo. Niliupiga picha.

"Inatosha, mwanangu," ikasema simu. "Niache nilivyo."

Ikauliza kama ni sahihi. Kidole changu kilikataa kusogea. Baba akanyoosha mkono wake wa kushoto, akabonyeza "ndiyo" mwenyewe.