Kiwango cha Chuo Kikuu

Siku wakuu wa vyuo viwili walipotia saini mkataba wao, palikuwa na zulia jekundu, maji ya chupa, na hotuba ndefu kuliko mkataba wenyewe. Mkuu wa chuo kikuu alirudia "ushirikiano" mpaka neno likachuja. Mkuu wa chuo cha ufundi alicheka kila mwenzake alipokohoa. Kiini cha mambo kilikuwa kifupi: mwenye stashahada ya upimaji ardhi kutoka chuo cha ufundi angeingia chuo kikuu moja kwa moja mwaka wa tatu. Debe tupu haliachi kuvuma, na siku ile lilivuma kweli.

Futikamba aliamini. Jina hilo wenzake walimpa binti huyu kwa urefu na wembamba wake. Aliyemvuta kwenye upimaji ni mjomba wake, mwalimu wa somo hilo pale pale chuo cha ufundi. "Miaka miwili kwangu, miwili kule, basi," mjomba alimwambia dada yake, mama wa Futikamba. Mama akakubali, maana binti yake mdogo naye alikuwa anangoja zamu, na nyumba ile haikuweza kusomesha wawili kwa pamoja.

Miaka miwili baadaye, kwenye dirisha la udahili la chuo kikuu, karani alimsikiliza huku akichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu.

"Mkataba unasema utafikiriwa," alisema. "Umefikiriwa. Idara imekaa, imeona upimaji mliosoma kule ni mwepesi. Anza mwaka wa kwanza."

"Niliongoza darasa zima."

"La kule."

Kwa hiyo mdogo wake angengoja miaka miwili zaidi, kama asingekata tamaa kwanza. Futikamba akampigia mjomba simu. Mjomba akaguna, akasema wasomi wale ni mizigo tu, vyeti vimejaa ukutani lakini ukiwapa darubini ya kupimia hawajui waweke jicho upande gani. Akamwambia avumilie. Alisikika kuwa na haraka ya kukata simu.

Kipindi cha kwanza cha upimaji, Futikamba alikaa nyuma kabisa. Mlango ukafunguliwa, akaingia mjomba, tai shingoni. Kule alifundisha na mikono ya shati imekunjwa, viatu vina matope. Hapa wanafunzi walimwita Daktari, naye hakumsahihisha mtu, ingawa udaktari aliusikia redioni tu.

Akafungua daftari lile lile lenye jalada lililobanduka. Akachora kilima kile kile, na mti wake ule ule mbaya. "Ardhi haisemi uongo," akasema. "Mwongo ni mpimaji." Darasa likacheka, kama la kule lilivyocheka.

Baada ya kipindi Futikamba alimvizia koridoni.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Ila hapa niite Mwalimu."

"Idara ilipokaa, ulikuwepo?"

Mjomba akalegeza tai. "Nilikuwepo."

"Ukasemaje?"

"Mimi hapa kibarua tu, mama. Ndiyo kwanza wananiangalia kama wanipe kazi ya kudumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Umeinama wewe, mgongo unaniuma mimi."

"Ngoja wanithibitishe. Nitakusemea."

Ndumilakuwili, Futikamba alisema moyoni, na akaona haya kwa kumwita hivyo mtu aliyembeba mgongoni. Kwa ajili ya haya hiyo akaamua kumngoja.

Wiki iliyofuata mkuu wa idara alikuja kukagua ufundishaji wa mjomba. Alikuwa profesa wa kitambi kikubwa na kicheko cha bure. Mjomba akatupa swali, darasa likainamia madaftari, akamtazama Futikamba kwa macho ya kuomba. Futikamba akasimama, akajibu lote, na lile ambalo mjomba alikuwa bado hajaliuliza akalijibu pia.

"Safi sana," profesa alisema. "Hayo umejifunza wapi?"

"Chuo cha ufundi."

"Nani alikufundisha?"

"Huyu hapa."

Profesa akamtazama mjomba, akamtazama tena Futikamba. Hata mbuzi angeunganisha mambo.

"Basi una bahati," akasema, akicheka. "Sasa utamsikia kwa kiwango cha chuo kikuu. Au sivyo, Daktari?"

Mjomba aliikodolea macho chaki iliyokuwa mkononi mwake. Nafasi ya kumsemea mpwa wake ilikuwa imemjia yenyewe, imekaa mbele yake, inamngoja.

"Ndivyo, Profesa," akajibu. "Kule huwa tunagusia tu."

Tangu ajue kusema, Futikamba hakuwahi kumpita mjomba wake bila shikamoo. Kipindi kilipokwisha alimkuta mlangoni, profesa amemwekea mkono begani, anampongeza. Mjomba alishaiandaa marahaba yake.

"Mambo," alisema Futikamba.

Mjomba akanyoosha tai. Profesa alikuwa anawatazama.

"Poa," akajibu.