Aliyepata Anyamaze

Usiku wa jana niliota mnara wa simu umekuja kunishtaki, nami nimesimama mbele yake nimeshika muwa.

Mnara ulikuja wenyewe ofisini kwa kikundi chetu cha wafugaji wa maziwa. Uliinama mlangoni usigonge kichwa, ukakaa kwenye kiti cha mwenyekiti. Umevaa nyekundu na nyeupe, kama kawaida yake. Mwenyekiti, Mzee Mwakalobo, alikuwa amekaa sakafuni na daftari la wanachama, wala hakuona ajabu.

"Wewe ndiye Subilaga?" mnara ukaniuliza.

"Ndimi. Shikamoo."

"Marahaba. Ni wewe unayenipandishia ujumbe uleule mara arobaini?"

Nikakubali. Ndiyo kazi yangu kikundini. Likitokea jambo kuhusu lori la maziwa, nawaandikia wanachama arobaini, mmoja mmoja. Nimesoma mpaka la saba, mwandiko wangu unasomeka, na sina haraka.

"Mgongo unaniuma," mnara ukasema. "Unawapikia watu arobaini uji, kila mtu na sufuria lake! Leo unatuma mara moja. Ujumbe uko wapi?"

Nikautazama ule muwa. Kumbe ndio huo. Mnara ukaukata vipande vinne, ukaviandika namba. Cha kwanza kikasema, "Lori la kesho." Cha pili, "halifiki darajani." Cha tatu, "litasimama." Cha nne, "shuleni." Vilisema kwa mdomo kabisa, na cha pili kilikuwa na kithembe.

Roho yangu ilikuwa kwa mtu mmoja tu, Bibi Tupokigwe, mwenye ng'ombe mmoja. Mwezi huu amelikosa lori mara mbili, maziwa yakaharibika. Sheria ya kikundi ni kwamba ukikosa mara ya tatu jina linafutwa, na maziwa utajua mwenyewe pa kuyapeleka. Mwenyekiti alikuwa ameshashika kifutio. Ameshakitia na mate.

Ukuta wa ofisi unaondoka bila kuaga. Sasa tuko njiani, kwenye migomba. Tunafika njia panda. Njia panda inameza muwa wangu na vipande vyake vyote, inacheua kama ng'ombe, inatoa miwili iliyo sawasawa. Mbele kuna njia panda nyingine, nayo inacheua.

"Umeona?" mnara unasema, unatembea nyuma yangu kwa vidole. "Unabeba mmoja mpaka njia zinapoachana. Nani kakutuma ubebe arobaini kutoka mlangoni?"

Tatizo ni kwamba wanachama wenyewe hawatulii. Huyu yuko bondeni anakata majani, akigeuka yuko mlimani. Hata nyumba zimepandisha suruali zinavuka mto. Lakini muwa unawafuata, kila mtu anapata vyake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Waliopata wakaanza kujibu.

"Nimepata!"

"Nimepata, Subilaga! Mama hajambo? Na yule ndama wenu anaharisha bado?"

"Amina!" Huyo alikuwa Ambakisye, na hakuna aliyeomba dua. Mwenyekiti akaitikia "nimepata", kisha akaanza kusali, akapitia wagonjwa wote wa kata.

Kila jibu linakuja kama keni tupu la maziwa, linaugonga mnara kichwani. Kwa! Kwa! Mnara unaanza kupinda.

"Waambie wanyamaze!"

"Siwezi. Ni wakubwa zangu. Kwetu ukipewa kitu usijibu, wanasema hukulelewa."

"Malezi yenu yataniangusha! Sikiliza. Aliyepata anyamaze. Aliyekosa ndiye apige kelele, na ampigie jirani yake kwanza, asinipigie mimi."

Nikaupanda mnara mpaka juu, nikayatangaza maneno hayo kwa aibu, macho nimefumba. Kimya kikaanguka. Tangu kikundi kianzishwe hakijawahi kunyamaza hivyo. Nikasikia mgongo wa mnara ukinyooka, ko.

"Hakuna kelele," mnara ukasema. "Wote wamepata. Shuka."

Sikushuka. Mimi ni mtu wa kuangalia kwanza. Na nikamwona Bibi Tupokigwe mgongoni mwa mlima, mahali ambapo mnara wetu umeshamwachia mkono na mnara wa ng'ambo haujamshika. Keni liko kichwani. Mikononi ana vipande vitatu. Anatabasamu.

"Bibi! Umepata?"

"Nimepata, mjukuu wangu, ubarikiwe."

"Vyote?"

"Vyote kabisa."

"Cha nne kiko wapi?"

Akatazama mikono yake. "Hicho sikukiona. Nisikusumbue lakini."

Zile mara mbili pia aliniandikia hivyohivyo, "nimepata, ubarikiwe", nami nikaweka alama ya vema daftarini, nikalala vizuri.

"Bibi, sema hujapata!"

"Nitasemaje sijapata, na mwenzangu umejitaabisha?"

Keni likakohoa kichwani mwake. "Mimi naanza kuganda," likasema. "Simlaumu mtu."

Kule chini mwenyekiti akaanza kufuta. Ikatoka herufi ya kwanza ya jina, na kandambili moja ya Bibi ikatoweka mguuni. Ikatoka ya pili, ikaenda na kitenge cha kujifunika.

"Bibi, ukinyamaza ndipo unanisumbua! Mwite jirani!"

Akavuta pumzi. Miaka sabini ya adabu ilimkaba kooni, nikaona inavyopanda na kushuka. Kisha akafungua mdomo.

"SIJAPATAAA!"

Migomba ililala chini yote. Ambakisye, jirani yake, akatupa mundu, akavunja kipande chake cha nne, vikawa viwili vizima, akaanza kupanda mlima mbio. Mnara ukacheka. Na mnara ukicheka, aliye juu hana pa kushika.

Niliamkia sakafuni. Kumeshakucha. Lori ni la asubuhi hiyohiyo.

Nikatafuta simu. Kila nikituma ujumbe, asubuhi huwa nakuta "nimepata" zimejaa mpaka simu inakuwa nzito. Leo hakuna hata moja. Kuna ujumbe mmoja tu, wa Bibi Tupokigwe, wa alfajiri: "Sijapata."

Nikampigia Ambakisye.

"Kaka, samahani kukuamsha..."

"Nani kalala?"

"Bibi Tupokigwe, hajapata..."

"Namba nne? Nimeshampa." Nyuma yake lori lilikuwa linanguruma, na watoto wanafagia uwanja wa shule. "Yuko hapa mbele yangu, keni lake linapimwa. Tangu alfajiri anapiga kelele huyu bibi, sijui kala nini."

Nilikaa na simu sikioni. Ujumbe niliowaandikia jana jioni ulikuwa mzima, mstari mmoja. Sikuuwekea namba yoyote.

"Subilaga? Umepata?"

Nikanyamaza.

"Haya, umepata," akasema, akakata.